Baada ya Korona: Tuwahesabu Tena Kondoo wa Bwana



Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si tena dharura ya dunia nzima. Katika makanisa yetu ya mashariki ya Kongo tangazo hilo lilipita karibu bila kusikiwa. Watu walikuwa na mengine ya kuwaza: vita vya Rutshuru na Masisi, wakimbizi waliojaa kandokando ya mji wa Goma, bei ya unga na maharagi sokoni. Lakini sisi tunaosimama mbele ya kanisa kila Jumapili tunaona alama ambayo ugonjwa ule uliacha. Kuna mabenchi ambayo hayajajaa tena. Kuna majina katika daftari ya washirika ambayo hakuna anayeyataja. Ukiuliza, unajibiwa, "Huyo? Toka Korona hatumuoni."

Toka Korona. Neno hilo limekuwa kama maelezo yanayotosha, nasi tumekubali kuishi nalo. Katika makala hii tunataka kusema kwamba halitoshi. Milango ya makanisa ilifunguliwa siku moja, lakini watu hurudi mmoja mmoja, na wengine hawatarudi kama hakuna anayewafuata. Tunawaandikia wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, mashemasi, viongozi wa mama, wa vijana na wa korali. Tunamwandikia pia mkristo ambaye yeye mwenyewe hajarudi.

Jumapili 21 bila ibada

Tukumbuke kwanza mambo yalivyofuatana, maana sisi wakubwa tumeanza kuyachanganya, na watoto wa shule ya Jumapili hawayajui.

Mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye, tarehe 18 Machi, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hatua za kujikinga. Shule na vyuo vikuu vilifungwa. Mikutano ya watu zaidi ya 20 mahali pa hadhara ilikatazwa. Ibada zote zilisimamishwa. Kulikuwa na hatua nyingine ambayo haikusemwa sana siku ile, nayo ndiyo iliyoacha kidonda kirefu: vilio vilikatazwa, ukumbini na hata nyumbani. Maiti ilipaswa kutolewa chumba cha maiti na kupelekwa moja kwa moja makaburini, pamoja na watu wachache tu.

Tarehe 24 Machi hali ya dharura ilitangazwa. Ibada, ambazo tuliambiwa zingesimama kwa wiki nne, zilikaa zimesimama hadi tarehe 15 Agosti 2020. Tukihesabu toka Jumapili ya tarehe 22 Machi hadi ile ya tarehe 9 Agosti, tunapata Jumapili 21. Pasaka ya tarehe 12 Aprili ilipita milango ikiwa imefungwa. Pentekoste ya tarehe 31 Mei vilevile.

Na baada ya kufungua, mambo hayakunyoka. Tarehe 18 Desemba 2020 ilianza amri ya kutotembea usiku, toka saa tatu hadi saa kumi na moja asubuhi, na mkesha wa mwaka mpya, ambao kwetu hujaza makanisa kuliko siku nyingi, haukuweza kufanyika kama zamani. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 22 Mei mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji wa Goma iliambiwa iondoke. Watu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru, wengine wakavuka ziwa kwenda Bukavu. Mwezi wa sita wimbi lingine la Korona likaja. Mkristo wa Goma aliyezoea kuimba katika korali mwaka 2019 alikuwa amepigwa mara nne au tano kabla hajapata nafasi ya kutulia kitini.

Kwa nini mashariki tuliumia kwa namna yetu

Korona haikutukuta wazima. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa huko Mangina, karibu na Beni. Ilidumu karibu miaka miwili, ikapita Beni, Butembo, Mambasa na mahali pengine, ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Kwa hiyo kwa miezi mitatu ya kwanza ya Korona ndugu zetu wa Beni na Butembo walikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja, na mauaji ya raia vijijini juu yake.

Ebola ilitufundisha mambo mema. Ndoo ya maji yenye bomba kwenye mlango wa kanisa haikuwa kitu kigeni kwetu mwaka 2020. Tulikuwa tumejua kusalimiana kwa kiwiko, na kumzika mtu kwa heshima bila kumgusa. Lakini Ebola ilikuwa imeacha pia mashaka. Watu waliona magari mengi, pesa nyingi, na wafu wengi, wakaanza kusema kwamba ugonjwa ni biashara. Korona ilipofika, maneno yale yale yalikuwa tayari mdomoni, na mengine yalisemwa kwenye mimbari.

Tena kulikuwa na mpaka. Wakristo wetu wengi, na hasa mama, huishi kwa kuvuka: Goma na Gisenyi, Bukavu na upande wa Rusizi, Uvira na Bujumbura, Kasindi na Uganda. Wanavuka asubuhi na kurudi jioni, na kile walichopata ndicho nyumba inakula usiku ule. Mpaka ulipofungwa, mtaji uliliwa. Mama aliyekuwa na dola hamsini za kuzungusha alizimaliza kwa mwezi mmoja, akaingia deni. Likelemba nyingi zilivunjika kwa sababu hakuna aliyeweza kutoa zamu yake, na mara nyingi wale waliovunjiana likelemba walikuwa wanakaa benchi moja kanisani.

Haya tunayasema kwa sababu moja. Tunapouliza kwa nini mtu hajarudi, tusidhani kwamba jibu liko katika imani yake tu. Mara nyingi liko katika kilio chake, katika deni lake, au katika neno alilosikia.

Kile Mungu alichotumia

Hata hivyo kanisa halikufa. Nyumba zikawa mahali pa ibada. Baba ambaye hakuwa amewahi kufungua Biblia mbele ya watoto wake alilazimika kuifungua, maana hakuna mchungaji aliyeweza kuja. Katika kartie nyingi, jirani wawili watatu walikutana, wakasoma, wakaombeana, wakagawana sombe. Tulikumbuka kwamba ndivyo lilivyoanza: kanisa lilikuwa nyumbani mwa Prisila na Akila (Warumi 16:3-5), na nyumbani mwa Filemoni (Filemoni 1-2), kabla ya kuwa na jengo lolote.

Redio zilitusaidia, na simu pia. Mchungaji alirekodi mahubiri ya dakika tano, yakapita toka simu hadi simu. Mama washonaji walishona barakoa za kitambaa. Vikundi vya mama vilipita na beseni kwa wajane, vikiweka unga mlangoni na kuondoka bila kuingia.

Lakini tuseme kweli: simu haikufika kwa wote. Bibi wa kijijini hana simu ya namna hiyo, na mwenye nayo hakuwa na mega za kila siku. Tena sauti ya mtu si mtu. Mtume Yohana alikuwa na mengi ya kuandika, lakini hakutaka kuyamaliza kwa karatasi na wino. Alitamani kufika na kuzungumza uso kwa uso, ili furaha iwe kamili (2 Yohana 12). Paulo naye aliwaambia Wathesalonike kwamba alitenganishwa nao kwa mwili, si kwa moyo, na kwamba alifanya bidii kubwa kuwaona (1 Wathesalonike 2:17). Mitume waliandika barua na barua zikafanya kazi, lakini hawakuridhika na barua.

Wasiorudi ni akina nani?

Katika matembezi yetu tumekutana na watu wa namna sita. Kila parokia itaongeza wake.

*Wa kwanza ni wenye kilio kisichoisha.* Walizika bila kanisa. Tutarudi kwao chini.

*Wa pili ni wenye aibu ya umaskini.* Walikuwa wanatoa fungu la kumi, wakawa hawana. Kitambaa cha mama wa kanisa kimechakaa, kipya hakinunuliki. Wanadaiwa na mkristo mwenzao, na huyo anakaa mstari wa mbele. Mtu wa namna hii akisikia tangazo la michango mitatu katika ibada moja, anaona kwamba hapana nafasi yake.

*Wa tatu ni waliokwazwa na maneno.* Mmoja alichanjwa, akaitwa mtu asiye na imani. Mwingine alikataa chanjo, akaitwa mjinga. Mmoja alipona Korona, na kwa miezi mingi watu walikwepa kukaa karibu naye.

*Wa nne ni wasichana.* Shule zilifungwa miezi mingi, na wengi walibeba mimba katika wakati ule. Ibada zilipofunguliwa, kitu cha kwanza walichopata toka kwa kanisa kilikuwa nidhamu. Waliondolewa katika korali na kuzuiwa Meza ya Bwana. Mtoto sasa anatembea na kusema, na mama yake bado hajaitwa kurudi. Yule kijana aliyempa mimba anapiga gitaa kila Jumapili.

*Wa tano ni waliohama.* Volkano, vita, au kutafuta kazi viliwapeleka pengine. Jina lao liko Rutshuru, miili yao iko kambini au katika nyumba ya kupanga Bukavu. Hakuna barua iliyowatangulia, na kanisa la kule haliwajui.

*Wa sita ni waliozoea.* Waligundua kwamba Jumapili inaweza kupita bila kanisa na mbingu haikuanguka. Hao nao tuwaendee kwa upendo, bila kuwadhihaki. Mwandishi wa Waebrania alijua wakristo waliokuwa na desturi ya kuacha kukusanyika, na dawa aliyoitoa ni kutiana moyo na kuhimizana katika upendo na matendo mema (Waebrania 10:24-25).

Mama wa benchi ya sita

Katika parokia moja tuliyoitumikia kulikuwa na mama aliyekaa siku zote benchi ya sita, upande wa dirisha. Alikuwa mwanamke wa kuvuka mpaka, anauza nyanya. Mwezi wa sita mwaka 2020 bwana wake aliugua siku nne, akafa. Kama ilikuwa Korona au sivyo, hakuna aliyepima. Alizikwa siku ile ile. Mama huyo alikwenda makaburini na watoto wawili na shemeji mmoja. Sisi tulituma ujumbe wa pole kwa simu na kusoma Zaburi katika sauti iliyorekodiwa. Tuliona kwamba tumefanya kazi yetu.

Agosti tulifungua kanisa. Tulipima nafasi kati ya viti kwa kamba, tukaandika alama chini kwa chaki, tukahesabu watu wasizidi. Jioni tulihesabu sadaka. Mama wa benchi ya sita hakuja. Hakuja pia Septemba, wala Krismasi. Tulimtembelea mwaka uliofuata, baada ya volkano, tena kwa sababu tulikuwa tunapita na orodha ya msaada na jina lake lilikuwemo. Alitupokea vizuri, akatuletea viti, yeye akakaa kwenye mkeka. Kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu:

"Pasta, mulikuwa munahesabu viti. Miye nilikuwa nangojea mutu wa kuja kuikala na miye chini."

Hatukuwa na jibu. Kwetu kilio si sherehe tu. Ni kulala chini pamoja na mwenye kufiwa, kupika chakula chake, kuimba usiku hadi sauti ikauke, kumsikiliza akisimulia mara kumi namna marehemu alivyougua. Mtu asiyepitishwa katika hayo anabaki njiani. Maiti imezikwa, lakini kilio hakijamalizika. Mama yule hakuwa amemkasirikia Mungu. Alikuwa anangojea kilio chake kianze.

Tulivua viatu, tukakaa kwenye mkeka. Alisimulia muda wa saa mbili. Wiki iliyofuata mama wa kanisa walikwenda wakalala kwake, mwaka mzima na zaidi baada ya kifo. Jumapili ya pili alikuwa benchi ya sita.

Kanisa limewahi kupita hapa

Tusidhani kwamba sisi ni wa kwanza. Katikati ya karne ya tatu tauni kubwa iliua watu wengi katika ufalme wa Roma. Sipriano alikuwa askofu wa Karthago, hapa hapa Afrika, upande wa kaskazini, katika nchi inayoitwa leo Tunisia. Aliwaandikia wakristo kuhusu kifo na matumaini, na aliwahimiza kuhudumia wagonjwa, hata wale wasioamini. Tauni ile imebaki katika historia kwa jina lake.

Mwaka 1527 tauni ilifika Wittenberg, Ujerumani. Chuo kikuu kilihamishwa, lakini Martin Luther alibaki kuwatunza wagonjwa. Wachungaji wa mji mwingine walimuuliza kama mkristo anaweza kukimbia tauni. Katika jibu lake alitenganisha mambo mawili ambayo sisi tuliyachanganya: kumtegemea Mungu, na kumjaribu Mungu. Alisema mwenye kazi ya kuwahudumia wengine, kama mchungaji, asiwaache bila mtu wa kuwatunza. Alifundisha pia kwamba kutumia dawa, kusafisha nyumba, na kuepuka mahali usipohitajika si kukosa imani. Mtu anayepuuza hayo anaweza kuwa sababu ya kifo cha mwenzake.

Makosa yetu wachungaji

Tukiwaita wengine warudi, ni vizuri sisi tuanze kutubu.

Kwanza, wengine kati yetu tulisema tusiyoyajua. Tulisema kwamba ugonjwa hauwezi kugusa waliookoka. Kisha waliookoka wakafa, na wajane wao walikuwa wametusikia. Dozi za kwanza za chanjo, milioni 1.7, zilifika nchini tarehe 2 Machi 2021. Kuchanja kulianza tarehe 19 Aprili, na watu waliokuja walikuwa wachache hata zaidi ya dozi milioni moja zikapelekwa nchi nyingine kabla muda wake haujaisha. Hatusemi kwamba ilikuwa kosa la makanisa peke yao. Lakini wangapi kati yetu tulikwenda kwa daktari mkristo wa hospitali zetu wenyewe kuuliza, kabla ya kusimama na kuhubiri? Kanisa lenye Hospitali ya Panzi huko Bukavu, yenye zahanati na vituo vya afya hadi vijijini, halikukosa watu wa kuuliza.

Pili, tulihesabu sadaka kabla ya kuhesabu watu. Tunajua sababu: wachungaji na walimu wa shule za kanisa walikaa miezi bila posho, na watoto wetu nao walilala njaa. Lakini washirika waliona kwamba tulipowatafuta, tuliwatafuta kwa ajili ya deni la fungu la kumi.

Tatu, tulipofungua tulirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Vile vikundi vya nyumbani vilivyotubeba tuliviacha vife, kana kwamba vilikuwa mguu wa mti wa kutupwa baada ya kupona.

Namna ya kuwahesabu tena

Mtu anaweza kuuliza: je, si Daudi aliadhibiwa kwa kuhesabu watu? Ndiyo, lakini Daudi alihesabu wanaume wanaoshika upanga, ili ajue nguvu zake (2 Samweli 24). Mchungaji katika mfano wa Bwana Yesu alikuwa na kondoo mia, akajua kwamba mmoja amepotea (Luka 15:4-7). Alijuaje? Alihesabu. Tena Bwana anasema kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina (Yohana 10:3). Hesabu ya namna hii hufanyika kwa kutaja jina, na inaisha kwa kusimama na kutoka kwenda kutafuta.

Haya ndiyo tunayoshauri. Tumeyajaribu, na hayahitaji pesa nyingi.

1. *Tufungue daftari.* Wazee wa kanisa na mashemasi wakutane jioni moja na daftari ya washirika ya mwaka 2019. Jina kwa jina, waulize: yuko wapi? Ambaye hakuna anayejua, aandikwe kwenye orodha ya kutembelewa. Kazi hii huchukua jioni mbili au tatu. Msiiharakishe.

2. *Twende wawili wawili, mikono mitupu.* Mwanamume na mwanamume, mama na mama, au mume na mke. Tusibebe bahasha ya michango wala kadi ya fungu la kumi. Swali la kwanza liwe, "Mlipita namna gani katika siku zile?" Kisha tunyamaze tusikilize. Tusiulize kwa nini haji kanisani, atasema mwenyewe.

3. *Tumalize vilio.* Kila parokia itenge Jumapili moja ya kukumbuka wote waliozikwa bila kanisa, toka Machi 2020. Familia zilete majina. Yasomwe yote, polepole, bila kuuliza nani alikufa kwa Korona na nani kwa ugonjwa mwingine. Korali iimbe zile nyimbo za maziko ambazo hazikuimbwa. Baada ya ibada mama wapike, watu wakae chini pamoja. Tusifanye hivyo kwa kuomba kwa ajili ya wafu, maana hao wako mikononi mwa Mungu. Tunafanya kwa ajili ya walio hai, kama Paulo anavyotuagiza kulia pamoja na wanaolia (Warumi 12:15).

4. *Tusuluhishe madeni.* Mahali likelemba zilipovunjika, wazee wawaite wahusika, waandike nani anamdai nani, na kutafuta njia ya kulipa kidogo kidogo au kusamehe. Jambo hili lisisemwe hadharani. Tumeona mama wanne wakirudi kanisani siku moja kwa sababu ya deni la dola thelathini.

5. *Tuwaite wasichana.* Nidhamu ya kanisa ni ya kuponya. Kama nidhamu haina siku ya kuisha, imekuwa kufukuza. Tuwatembelee pamoja na mama wenye busara, tuombe pamoja nao, tuwabariki watoto wao, tuwarudishe. Na kijana aliyehusika aitwe vilevile.

6. *Tuwape waliohama barua.* Mchungaji aandike barua fupi ya utambulisho, hata kwa simu, kwa mchungaji wa kule mkristo alipo, wa jumuiya yoyote ya Kanisa la Kristo Kongo. Na kanisa linalopokea wakimbizi liwaandike kwa majina, liwape kazi katika korali na usafi, wasibaki wageni wa benchi ya nyuma.

7. *Tushike vikundi vya nyumbani.* Nyumba tano au sita katika kartie moja, mara moja kwa wiki, kusoma na kuombeana. Siku ugonjwa mwingine ukija, au njia zikifungwa kwa vita, kanisa litakuwa limekwisha kujua namna ya kuishi. Ndoo ya maji mlangoni nayo ibaki. Kipindupindu bado kiko kwetu.

Kwa wewe ambaye hujarudi

Ndugu yetu, dada yetu, labda mtu amekupelekea makala hii. Hatuna shutuma. Kama tulikuacha peke yako kaburini, utusamehe. Kama neno letu lilikujeruhi, utusamehe. Njoo na nguo uliyo nayo. Kama miguu haiwezi bado, mwambie jirani mmoja mkristo kwamba uko tayari kutembelewa, nasi tutakuja kukaa chini.

Kilio na shangwe pamoja

Waisraeli waliporudi toka uhamisho Babeli, waliweka msingi wa hekalu jipya. Vijana walipiga kelele za furaha. Wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti. Ezra anasimulia kwamba watu hawakuweza kutofautisha sauti ya shangwe na sauti ya kilio, na kelele ile ilisikiwa mbali (Ezra 3:12-13). Hakuna aliyewaambia wazee wanyamaze ili ibada iwe nzuri.

Kanisa letu baada ya Korona ni la namna hiyo. Mwenye kushukuru aimbe, mwenye kulia alie, katika nyumba moja. Jumapili hii, kabla ya kutoka, tazama pembeni yako. Nani alikuwa anakaa hapo? Ukikumbuka jina lake, usimngojee mchungaji. Nenda.

Ee Bwana Yesu, Mchungaji wetu, wewe unamjua kila mmoja kwa jina. Utusamehe sisi tuliohesabu viti. Utupe miguu ya kuwatafuta, masikio ya kuwasikiliza, na mkeka wa kukaa pamoja nao, hadi utakapotukusanya sote mbele zako. Amina.